Haramia wa Merikani

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kanzu mtaa wa Mchangani, Unguja. Alishona kanzu za Idi, kanzu za mabwana harusi na kanzu za watu walioapa kulipa mwisho wa mwezi, na wateja wake wote, wakubwa kwa wadogo, aliwapa jibu moja: "Njoo kesho." Mimi nimekulia chini ya meza yake, katikati ya vipande vya kitambaa na ncha za uzi. Kwa hiyo Oktoba ya mwaka 2025, binti yangu wa miaka tisa alipokuja kuniambia anataka nguo ya Halloween, kichwa kilinivimba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nikajisemea. Sikukumbuka kuwa hata mjusi huzaliwa pangoni, na pango huenda likawa ni la nyoka.

Tunaishi Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani, na kwa mtu asiyetaka mambo ya uchawi huu si mji wa kupanga nyumba. Mwaka 1692 watu wa huku walishikana uchawi wao kwa wao mpaka 19 wakanyongwa, na mzee mmoja akarundikiwa mawe kifuani hadi roho ikamtoka. Leo mji unakula kwa msiba ule. Magari ya polisi yamechorwa mchawi aliyepanda ufagio. Oktoba nzima treni kutoka Boston inashusha watu wenye kofia nyeusi zilizochongoka, na ukitoka kununua mkate unapishana na mizimu na mifupa mitupu iliyoshika vikombe vya kahawa. Ikifika tarehe 31, mkesha wa Watakatifu Wote, ndiyo Halloween yenyewe: watoto hujigeuza sura wakapita mlango kwa mlango kudai peremende.

Binti yangu alianza kwa kutaka kuwa mchawi. Nikakataa pale pale. Nisiseme uongo kwamba ni dini peke yake iliyonikataza. Nilimwogopa bibi yake, ambaye yuko Unguja na simu yenye kamera, na hakuna picha ya mjukuu isiyomfikia. Mtoto akaenda kufikiri. Kesho yake akarudi kutoka maktaba na kitabu cha wanawake maharamia, kidole amekibandika juu ya Anne Bonny, aliyeshtakiwa Jamaica mwaka 1720 pamoja na mwenzake Mary Read. Wote wawili walihukumiwa kunyongwa, wakaponea kwa kuwaambia majaji kuwa wana mimba. Hapo nilipafunika kwa kiganja.

Jioni nikapiga simu nyumbani kuomba kibali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Anataka nguo ya haramia."

Simu ikanyamaza, nikasikia majogoo wa kwa jirani.

"Haramia huyu huyu wa baharini? Anayepora majahazi ya watu?"

"Ni mchezo tu, mama. Mwanzo alitaka uchawi."

"Basi na awe haramia," akajibu mbio mbio. "Haramia huenda akatubu. Na wakishavaa hizo nguo wanafanya nini?"

"Wanazunguka majumbani kuomba peremende."

"Kwani nyumbani hamli?"

Nikamweleza kuwa ni kama watoto wetu wanavyozunguka kupewa mkono wa Idi. Hilo likamwingia, ila akataka kujua kwa nini siku ya Idi watoto huvaa wakapendeza, na hawa wanahangaika mwezi mzima ili watishe. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Dukani nguo ya haramia iliyo tayari ilikuwa dola 45. Niliishika. Kitambaa chepesi kama mfuko wa rambo, mishono imelegea, kola imegandishwa kwa gundi. Nikaigeuza ndani nje kama alivyokuwa akifanya baba akiletewa kanzu ya fundi mwengine, nikafyonza kama alivyokuwa akifyonza, nikatamka kwa sauti: "Hii nitashona mwenyewe." Mke wangu alikuwepo. Mke wangu ndiye anayetia vifungo vya mashati yangu. Hakusema kitu, alikohoa tu.

Cherehani niliipata kwa jirani aliyekuwa anahama, amemwaga vyombo vyake vyote kwenye majani mbele ya nyumba na kila kimoja kimebandikwa bei. Dola 20. Ya umeme, ya plastiki, nyepesi unaikwapua ukaondoka nayo. Ya baba ilikuwa ya chuma, nyeusi, na kuihamisha kulihitaji vijana wawili na ugomvi. Nilipoiona hii ilivyo nyepesi nilifurahi. Fundi wa kweli angeshtuka.

Nikaenda duka la vitambaa. Shati la haramia, nilishaamua, litakuwa la merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa, yenye rangi kama ya maziwa yaliyolala. Sikujua kwa Kiingereza inaitwaje, nikalifasiri jina: nikamwambia mama wa dukani kwamba natafuta kitambaa cha Kimarekani. Akafurahi mno. Akanishika mkono mpaka rafu ya nyuma, akanionyesha majora saba ya bendera: nyota kubwa, nyota ndogo, tai, fataki. Nikamwambia hapana, cha Kimarekani cha zamani. Akanitolea bendera iliyofifishwa rangi. Tulichukua robo saa kuelewana, na nilipoliona jora lenyewe pembeni nikalikimbilia kama niliyemwona ndugu yangu uwanja wa ndege.

Na kweli ni ndugu. Tangu miaka ya 1820, meli za bandari hii hii ya Salem zilikuwa zikitia nanga Unguja. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na konseli wa kwanza wa Marekani aliyefika kwetu mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Walishusha pamba ya viwanda vya jimbo hili, wakapakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Wazee wetu wakakiita kitambaa kwa jina la kilikotoka. Merikani ikapanda bara na misafara, ikawa ndiyo fedha: wapagazi walilipwa kwa merikani, machifu walipewa hongo ya merikani ili njia ifunguke. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huku mwaka 1861 pamba ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na India vikaingia, lakini jina halikubanduka. Nilitaka kumweleza yule mama wa dukani hayo yote. Alikuwa ameshakata yadi zangu tatu na kuita mteja mwengine.

Hata kwa upande wa uharamia sikuwa nabahatisha. Nahodha wa Anne Bonny, John Rackham, alipewa jina la utani la Calico Jack kwa sababu ya nguo zake za pamba, na kaliko hiyo jina lake limetoka Calicut, India. Yaani nilikuwa na historia upande wangu, kitambaa halisi, nasaba ya ufundi na cherehani ya dola 20. Kilichobaki ni kushona.

Nikakata siku hiyo hiyo. Suruali nilikata kwa kitambaa cheusi kizito, chenye manyoya upande mmoja, na sitaeleza kwa kirefu. Nilikata mguu wa kwanza vizuri. Nikauchukua ule mguu, nikaulaza juu ya kitambaa, nikaufuatisha kwa chaki, nikakata wa pili sawasawa na wa kwanza. Sawasawa kabisa. Nilipoiweka miguu pamoja ili manyoya yatazame nje, nikagundua kuwa binti yangu nimemkatia miguu miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nikakumbuka kuwa maharamia wengi wa hadithini wana mguu mmoja wa mti, nikaona kwamba wa kwangu kwa hesabu yuko mbele.

Usiku nikatunga uzi, nikakanyaga. Cherehani ilitoa sauti kama mtu anayetafuna changarawe, ikasimama. Nikapindua kitambaa: chini yake uzi ulikuwa umejikusanya kama kiota cha mnana. Namwomba radhi mnana, maana kiota chake hakifumuki. Nikakata, nikatunga upya, nikakanyaga, kiota cha pili. Baada ya kiota cha sita na sindano ya pili, uzi ukaanza kukatika wenyewe, na kila ukikatika nikawa namkumbuka Kapteni William Kidd. Huyu ni haramia wa kwetu kwa nusu. Mwaka 1697 alikuwa Komoro, anakwangua meli yake pale Mwali huku mabaharia wakimfia kwa maradhi, kisha akaja akatia nanga Madagaska. Mwaka 1699 alikamatwa Boston, nusu saa kwa treni kutoka mezani kwangu. Walipomnyonga London mwaka 1701, kamba ilikatika, akaanguka, ikabidi apandishwe tena. Watu humhurumia Kidd. Mimi sasa namhurumia aliyefunga ile kamba. Najua vinavyokuwa: umejitahidi, watu wamekuja kutazama, unavuta kidogo tu.

Saa tatu usiku huku ni saa kumi za alfajiri Unguja, na mama huwa ameshaamka anaingoja adhana. Nikampigia. Sikumwambia nina shida, nilimwambia namjulia hali.

"Hiyo ni nini inayolia hapo?"

"Cherehani, mama."

"Hebu kanyaga nisikie."

Nikakanyaga.

"Umetunga uzi huku kile kiguu cha kubania kitambaa umekishusha," akasema, hata kamera hajafungua. "Kinyanyue kwanza, uzi uingie katikati ya visahani, halafu ndiyo ukishushe. Baba yako angeisikia sauti hiyo angetoka barazani mbio."

Nikakinyanyua. Nikatunga. Mshono ukatoka umenyooka, mzuri, mpaka nikataka kulia. Miaka yote ile nilikuwa chini ya meza, na mama, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mapindo na kutia vifungo upande wa pili wa pazia, alikuwa amejifunza ufundi wote kwa masikio.

Ushindi ule ndio ulioniponza. Nikashona kwa kasi: ubavu, bega, mkono, kisha suruali. Nilikuwa nimevaa kikoi, na kwa kuwa mafuta ya cherehani yalinidondokea nilikuwa nikiyafuta kwa pindo lake huku mashine inakwenda. Mlango ukagongwa. Alikuwa mleta vifurushi, maana huku hufika hata saa nne usiku. Nikainuka kwa heshima kwenda kumfungulia, nikapiga hatua mbili, kikoi kikabaki mezani. Nilikuwa nimekishona kwenye suruali ya haramia, mshono imara, bila kiota hata kimoja. Kifurushi nilikipokea kwa kupenyeza mkono mlangoni, na nikatoa salamu nyingi kuliko kawaida ili asiangalie chini.

Sasa shati. Lilikuwa limekaa vizuri, mikono mipana, viwiko vina nafasi, lastiki kwenye vifundo vya mikono. Lakini lilikuwa jipya mno. Haramia gani ana shati jipya? Nilisoma mahali kuwa kitambaa huzeeshwa kwa kukichemsha ndani ya chai. Nikabandika sufuria ya pilau, maji, majani ya chai vijiko kumi. Nilikuwa nafikiria mambo mengine, na mkono uliozoea hauulizi: ukatia hiliki, ukatia mdalasini, ukaponda tangawizi. Nilishtuka nimeshika kopo la sukari. Sukari nakuapia sikutia.

Rangi ilitoka nzuri ajabu. Harufu pia. Ila nilipolitoa shati na kulikausha, lilikuwa limepungua kiasi cha kumtosha haramia wa miaka sita. Hapo ndipo nilipomwona baba, wazi kama yuko mbele yangu, na lile beseni lake la bati nyuma ya duka, analowesha kitambaa usiku ili kiruke kabisa kabla hajakitia mkasi. Miaka mingapi nimeliruka beseni lile nikienda chuoni! Nilidhani ni la kufulia.

Nikaongeza vipande ubavuni kwa merikani iliyobaki, ambayo haikuwa imechemshwa, na shati likawa na mistari miwili myeupe kama ya punda milia. Kwa kizibao sikuthubutu tena. Nilichukua changu cha harusi, nikakikaza nyuma kwa pini kumi na moja. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku hospitalini, sikuona haja ya kumsumbua kwa simu. Kiunoni nikamfunga mtoto mahazamu. Kofia ya pembe tatu ilisimama kwa msaada wa boksi la nafaka za asubuhi, na fuvu nililolishona mbele, lenye mifupa miwili chini yake, lilifanana na embe lililoliwa na popo. Kitu kimoja tu kilitoka bila kasoro: kile kitambaa cha kufunika jicho. Sisi tunalo neno lake tangu zamani, kidoto, kile alichokuwa akifungwa ngamia machoni azungushe kinu cha mafuta bila kizunguzungu. Nilikishona kwa mkono, dakika nne. Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokishona.

"Itakuwa tayari lini?" binti yangu alikuwa akiuliza kila jioni.

"Njoo kesho," nikawa namjibu. Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi niliyoirithi nzima.

Tarehe 31 ilikuwa Ijumaa. Nilirudi kutoka msikitini, nikakaa kwenye pindo la mwisho, na nilipokata uzi jua lilikuwa limeshazama, sina nafasi hata ya kubadilisha nguo. Tukatoka hivyo hivyo: yeye haramia, mimi na kanzu na kofia yangu ya viua, juu yake koti la baridi. Chini ya kofia ya pembe tatu, ili isimteleze, nilikuwa nimemfunga kanga aliyoleta bibi yake, na maandishi yakamkaa sawasawa juu ya paji la uso: Mgeni njoo mwenyeji apone. Alibisha milango ishirini na mitatu na maandishi yale, haramia mwenye jicho moja, anayenukia hiliki. Hakuna mwenyeji aliyejua kasoma nini, lakini peremende walimwaga kwa viganja viwili, na bibi mmoja alimnusa mara mbili akaniuliza kama tunauza.

Tukaishia kwenye sherehe ya mtaa, ukumbini, watoto wamejaa, majaji watatu wamekaa na madaftari. Kila binti yangu akipiga hatua kitu kiligonga sakafu, ti, ti, ti, kama mguu wa mti kweli. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nilijua ni nini: bobini ya akiba niliyoitafuta siku mbili, nimeishonea ndani ya pindo. Kisha mtoto mmoja akaangusha kikapu, peremende zikatawanyika, haramia wangu akainama.

Miguu miwili ya kushoto ina tabia yake. Yote inavuta upande mmoja. Mshono wa nyuma ukafumuka kuanzia kiunoni mpaka ulikokuwa umeungwa na kikoi changu, kwa sauti iliyosikika juu ya muziki. Mke wangu, Mungu ambariki, alikuwa amemlazimisha mtoto kuvaa suruali nzito ya sufu ndani kwa ajili ya baridi, kwa hiyo kilichoonekana ni vidudu vya pinki vilivyodariziwa na si kingine. Nikamvua kanga kichwani, nikamfunga kiunoni kama mwali, na mashindano yakaendelea. Sasa Mgeni njoo mwenyeji apone ilikuwa nyuma, pahali ambapo sitaki kupafasiri.

Binti yangu hakupata kitu. Alishinda mvulana wa mashine ya kuuzia soda. Halafu jaji mmoja, mama wa makamo aliyefunga futi ya kupimia shingoni kama shali, akanijia mimi. Koti nilikuwa nimelivua kwa joto la ukumbi. Akaushika mkono wa kanzu, akageuza pindo ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, mara mbili.

"Nani ameshona hii?"

"Baba yangu."

"Na wewe umekuja kama nani?"

Nikamwambia sikuja kama mtu yeyote, hii ni nguo yangu. Wakacheka wote watatu, wakasema hata kuigiza najua. Nikarudia kuwa ni nguo ya Ijumaa. Wakacheka zaidi, wakanipa zawadi ya kwanza ya watu wazima: boga, na cheti kimeandikwa jina langu vibaya.

Nilipiga hesabu usiku. Cherehani dola 20, merikani 15, kitambaa cheusi 12, cha kofia 6, uzi, lastiki na sindano 11. Jumla dola 64, bila kuhesabu kikoi. Pini tisa kati ya kumi na moja zimepatikana. Kizibao mke wangu amekipeleka kwa fundi, na fundi amemwambia aje kesho.

Mama nilimpelekea picha zote. Akajibu kwa sauti ya kurekodi, sekunde kumi na mbili: "Mashaallah, kanzu ya marehemu imekukaa. Mwambie mjukuu wangu amependeza. Ila hiyo suruali, mwanangu, ina miguu miwili ya kushoto."

Boga tumelipika kwa nazi. Cherehani ipo, inafanya kazi, na naiuza dola 15 pamoja na sindano tatu. Mwenye kuitaka aje. Leo, si kesho.